Kazi ya Nyumbani Isiyogeuka Mzigo: Mwongozo Kamili kwa Mwalimu na Shule

Kengele imelia. Nusu ya darasa imeshasimama, mabegi yako mgongoni, na mwalimu ndiyo kwanza anakumbuka. Anapaza sauti juu ya kelele: "Zoezi la tano, swali la kwanza hadi la ishirini, kesho nataka madaftari mezani!" Wa mbele wamesikia, wa nyuma wataulizana njiani. Kesho yake madaftari 60 yanarundikwa mezani. Mwalimu anapitisha kalamu nyekundu mbiombio, vema, vema, kosa, vema, anatia saini na tarehe, kisha anayarudisha siku ya nne, darasa likiwa limeshahamia mada nyingine. Hakuna anayeyafungua.

Mwalimu huyo ni mimi, miaka yangu ya mwanzo. Nilidhani kutoa kazi nyingi ndiyo alama ya mwalimu makini. Kilichonishtua ni hesabu ndogo niliyoifanya nyuma ya daftari la mtoto mmoja nikiwa nimechoka: daftari moja dakika 3, madaftari 60 dakika 180. Saa 3 nzima kwa zoezi moja la darasa moja, nami nilikuwa na mikondo mitatu. Nikajiuliza: ikiwa sina namna ya kuipokea kazi hii ikaleta faida, naitoa ya nini?

Mwongozo huu umejengwa juu ya swali hilo. Usianze kwa kufikiria maswali utakayowapa wanafunzi. Anza na dakika 10 za mwanzo za kipindi kijacho, uone kazi hiyo itatumikaje pale. Ukikosa jibu, waache wakapumzike.

Kwanza tujue inatolewa kwa nini

Mtandaoni kuna hadithi kwamba kazi ya nyumbani ilibuniwa mwaka 1905 na mwalimu wa Venice aitwaye Roberto Nevilis, ili kuwaadhibu wanafunzi wavivu. Ni uzushi mtupu. Jimbo la California, Marekani, lilipitisha sheria mwaka 1901 ya kuwazuia walimu kuwapa kazi ya nyumbani watoto walio chini ya miaka 15, na likaifuta mwaka 1917. Huwezi kupiga marufuku kitu ambacho hakijabuniwa. Lakini hadithi hiyo inaaminika upesi, nadhani kwa sababu wengi wetu tuliionja kazi ya nyumbani kama adhabu kweli.

Ukiondoa adhabu, yanabaki makusudi manne ninayoyakubali. Moja ni kukazia: mwanafunzi ameshaelewa namna ya kufanya jambo, sasa anahitaji kulirudia mpaka mkono uzoee. La pili ni kukumbusha. La tatu ni kuandaa, yaani kusoma au kuchunguza jambo litakalojadiliwa kesho. La nne ni kuendeleza, kama kutunga, kubuni au kufanya mradi unaochukua siku kadhaa.

Hilo la pili ndilo tunalolipuuza zaidi, nalo ndilo lenye nguvu kuliko yote. Mwaka 1885 mwanasaikolojia wa Ujerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana. Aliona kwamba sehemu kubwa ya alichojifunza ilipotea ndani ya siku ya kwanza, kisha upotevu ukapungua kasi. Aliona pia kwamba kurudia kwa kuachanisha siku kunahifadhi zaidi kuliko kurudia mfululizo kwa mkao mmoja. Kipindi kimoja cha darasani, hata kiwe kitamu namna gani, hakimudu kazi hiyo ya kuachanisha. Jioni ya nyumbani inaimudu.

Na kukumbuka si kusoma tena. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Kundi moja lilirudia kusoma, jingine likafunga kifungu na kuandika lilichokumbuka. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Walipopimwa baada ya wiki, mambo yaligeuka: walioandika kutoka kichwani ndio walioshinda. Kwa hiyo ukisema "nendeni mkarudie mada ya leo", umewaagiza wafanye ile njia inayowapa watoto hisia ya kujua bila kujua. Sema badala yake: "Funga daftari, andika mambo matano uliyoyakumbuka, halafu fungua, ongeza ulichosahau kwa kalamu ya rangi nyingine."

Kazi ya nyumbani haifai kuwa mahali pa kumalizia mada ambayo mwalimu hakuifikia. Mtoto aliyeondoka darasani bila kuelewa hawezi kujifundisha usiku. Atabuni, atanakili, au atafanya mazoezi 20 ya kosa lilelile, na kosa lililofanyiwa mazoezi ni gumu kuling'oa.

Hatua ya 1: Panga mapokezi kabla ya kazi

Katika andalio lako la somo la kesho, andika kwanza mstari mmoja: kazi ya jana itatumika vipi. Mifano: "Dakika 5 za mwanzo, majibu ubaoni, kila mmoja ajisahihishe." "Swali la 3 litafungua mjadala." "Jaribio fupi la maswali mawili yanayofanana na ya jana." Mstari huo ukishaandikwa, ukubwa wa kazi unajipanga wenyewe. Dakika 5 za majibu hazibebi maswali 20, zinabeba manne au matano.

Fanya hivyo kwa wiki nzima, Jumapili jioni au wakati wowote unapopanga vipindi vyako. Utagundua kuna siku ambazo kazi haina mahali pa kutua. Siku hizo usitoe.

Hatua ya 2: Taja kusudi kwa sentensi moja

Juu ya kila kazi iandikwe sentensi ambayo mtoto anaweza kumwambia mtu wa nyumbani akiulizwa: "Nafanya hii ili nisisahau namna ya kutafuta asilimia." Ukishindwa kuiandika, au ukijikuta unaandika "ili kuelewa mada zaidi", hujajua unachotaka. Rudi nyuma.

Hatua ya 3: Pima muda, si kurasa

Hapa ndipo wazazi na walimu hugombana, na kila upande una takwimu zake. Katika upimaji wa kimataifa wa PISA wa mwaka 2012, wanafunzi wa miaka 15 wa Shanghai waliripoti wastani wa karibu saa 14 za kazi ya nyumbani kwa wiki. Wa Finland waliripoti chini ya saa 3, na wastani wa nchi za OECD, umoja wa nchi nyingi tajiri unaoendesha upimaji huo, ulikuwa karibu saa 5. Shanghai iliongoza kwa alama, lakini Finland nayo ilikuwa juu ya wastani. Saa peke yake haziamui.

Mtafiti anayetajwa zaidi katika suala hili ni Harris Cooper wa Chuo Kikuu cha Duke. Mwaka 2006 yeye na wenzake walikusanya tafiti zilizofanywa Marekani kati ya 1987 na 2003. Walikuta uhusiano kati ya kazi ya nyumbani na ufaulu ni mkubwa kwa wanafunzi wa darasa la 7 hadi la 12, na mdogo kwa walio chini ya hapo. Wao wenyewe walitahadharisha kwamba uhusiano si lazima uwe sababu: huenda wanaofaulu ndio wanaopenda kufanya kazi.

Kutokana na mjadala huo kuna kanuni nyepesi inayoungwa mkono huko Marekani na chama cha taifa cha walimu: dakika 10 kuzidisha kwa darasa analosoma mtoto. Darasa la 3, dakika 30. Darasa la 6, saa moja. Tena ni kwa masomo yote kwa jumla. Neno hilo "kwa jumla" ndilo linalosahaulika. Walimu watano, kila mmoja akitoa "kitu kidogo cha nusu saa", wamempa mtoto saa mbili na nusu.

Serikali nazo zimejaribu. Ufaransa ilizuia kazi za kuandika nyumbani katika shule za msingi mwaka 1956, ikalazimika kurudia agizo hilo mara kadhaa kwa sababu walimu waliendelea, na wazazi wengi waliziomba. China mwaka 2021 iliagiza darasa la 1 na la 2 wasipewe kazi ya kuandika kabisa, la 3 hadi la 6 wasizidi dakika 60, na sekondari ya chini wasizidi dakika 90. Hata kama huishi chini ya sheria ya aina hiyo, viwango hivyo vinakupa kipimo cha kujilinganisha.

Kwa mwalimu mmoja mmoja, njia yangu ni hii: ifanye kazi hiyo mwenyewe, kwa mkono, saa mbele yako. Kisha zidisha kwa tatu. Ukitumia dakika 6, mwanafunzi wa kawaida atatumia karibu 18, na yule wa polepole zaidi ya hapo. Halafu waambie wanafunzi kikomo: "Ukifika dakika 25 hujamaliza, piga mstari, andika 'muda umeisha', ulale." Walimu wengi wanaogopa sentensi hiyo wakidhani wavivu watajificha nyuma yake. Wapo watakaojificha. Lakini mstari ule unakuonyesha jambo ambalo daftari lililomaliziwa na kaka mkubwa halionyeshi.

Hatua ya 4: Tunga maswali machache, kila moja na kazi yake

Maswali 20 yanayofanana yanampa mtoto swali moja mara 20. Akijua la kwanza, 19 yanampotezea muda. Asipolijua, ana makosa 20. Chukua mfano wa kujumlisha na kutoa sehemu. Badala ya zoezi zima la kitabu, kazi ya jioni inaweza kuwa hii:

1. 2/3 + 1/4
2. 5/6 − 3/8
3. Mwanafunzi ameandika kwamba 1/2 + 1/3 = 2/5. Mweleze kwa maneno alipokosea, kisha toa jibu sahihi.
4. Tafuta asilimia 15 ya 240. (Tulisoma mwezi uliopita.)
5. Ni hatua gani iliyokutatiza leo? Andika sentensi moja.

La kwanza na la pili ni mazoezi. La nne ni kumbukumbu. La tano ni barua kwako wewe mwalimu, na baada ya wiki mbili watoto wakiona unaijibu, wataiandika kwa ukweli. Lakini johari ya kazi hii ni la tatu. Halifanyiki kwa kikokotoo, si rahisi kulinakili neno kwa neno bila kugundulika, na linafichua nani anaelewa na nani anafuata hatua tu. Kila mara wapo wawili watatu wanaoona jambo ambalo sikuwauliza: kwamba 2/5 ni ndogo kuliko 1/2 tuliyoanza nayo, sasa umejumlishaje ukapungukiwa? Mtoto huyo kesho ndiye anayesimama ubaoni badala yangu.

Kuchanganya mada za zamani na mpya hakupendwi na wanafunzi, kwa sababu kunawakosesha. Doug Rohrer na Kelli Taylor waliripoti mwaka 2007 jaribio walilowafanyia wanafunzi wa chuo, la kutafuta ujazo wa maumbo. Waliofanya maswali kwa mafungu, umbo moja hadi liishe, walipata vizuri sana wakati wa mazoezi. Wale wa maswali yaliyochanganywa walipata chini yao. Wiki moja baadaye, waliochanganyiwa walipata asilimia 63 na wale wa mafungu 20. Wanafunzi wako wakilalamika kwamba "hili hukutufundisha leo", waambie ndiyo, ndiyo maana liko hapo.

Masomo mengine hayahitaji maelezo marefu. Kwenye sayansi, mwagize achore mchoro wa moyo bila kutazama, kisha afungue kitabu na kusahihisha kwa rangi nyingine. Kwenye lugha, usiagize insha nzima kila wiki, maana hutaisoma. Wape aya moja mbovu uliyoiandika wewe, wairekebishe, au waandike aya ya kufungulia tu. Kwenye historia, mpe matukio matatu ayapange kwa mfuatano na aeleze lipi lilizaa lipi.

Sharti moja halina mjadala: kazi isihitaji kifaa ambacho mtoto mmoja darasani hana. Ukimwagiza atafute kitu kwenye intaneti, akate picha za rangi au ajenge mfano kwa vifaa vya kununua, umeacha kupima somo, unapima nyumba anayotoka.

Hatua ya 5: Itoe kabla ya kengele

Tenga dakika 7 za mwisho. Andika kazi ubaoni, daima kona ileile, pamoja na siku ya kuirudisha. Wanafunzi wanakili. Kisha swali la kwanza lifanyike palepale, kimya, wewe ukipita kati ya madawati. Wasiojua waanzie wapi utawaona dakika hiyo. Wakiwa watatu, waelekeze. Wakiwa theluthi ya darasa, tatizo ni somo lako la leo: futa kazi, kesho fundisha upya. Nimefuta kazi hivi mara nyingi, na kila mara moyo unauma kidogo.

Hatua ya 6: Ipokee bila kuzama

Mwalimu mwenye wanafunzi 60 hawezi kusahihisha kila swali la kila daftari kila siku. Anayesema anaweza, ama anapitisha kalamu bila kusoma ama hana maisha nje ya madaftari. Njia zifuatazo nimezitumia zote, na huzibadilisha kulingana na kusudi.

Wajisahihishe wenyewe. Majibu yanaandikwa ubaoni, kila mmoja anashika kalamu ya rangi nyingine, anasahihisha na kuandika upya alichokosa. Wewe unauliza: "Mkono juu aliyekosa la 2." Unahesabu. Dakika 5 zimekupa picha ya darasa zima. Kwa kazi ya kukazia, hii inatosha kabisa. Makosa ya kukokotoa hayahitaji saini yako.

Chukua sampuli. Kila siku kusanya madaftari 12 usiyoyatangaza mapema, uyasome vizuri. Kwa siku 5 umemaliza 60, na kila mtoto ameandikiwa neno la maana mara moja kwa wiki. Saa 3 zangu za zamani ziligawanyika zikawa dakika 36 kwa siku.

Sahihisha swali moja tu. Kusanya yote, soma la 3 peke yake. Nusu dakika kila daftari ni nusu saa kwa darasa. Ukiwa unasoma, weka karatasi pembeni na upige vijiti kwa kila aina ya kosa: waliojumlisha namba za juu peke yake na za chini peke yake, waliopata namba ya chini sahihi wakasahau kubadili ya juu, waliokosea hesabu tu. Kesho anza na kosa lenye vijiti vingi. Hapo kazi ya nyumbani imekupangia somo.

Au toa jaribio la dakika 5. Maswali mawili yaleyale ya jana, tarakimu zimebadilishwa, kwenye kipande cha karatasi. Aliyefanya mwenyewe hapati shida. Ndiyo dawa ya kunakili niliyoiona ikifanya kazi kuliko vitisho vyote.

Kuhusu kuandika alama: mwaka 1988 mtafiti Ruth Butler wa Israeli aliripoti jaribio la makundi matatu ya wanafunzi. Moja lilipewa alama, moja maoni ya maandishi, moja vyote viwili. Kundi la maoni peke yake ndilo lililoendelea vizuri zaidi na kubaki na hamu. Waliopewa vyote viwili hawakufaidi maoni kama wale waliopewa maoni matupu. Nilipolijua hilo nilikumbuka watoto wangu: daftari likirudi, jicho linakwenda kwenye 6/10, kisha kwenye 6/10 ya jirani, daftari linafungwa. Siku hizi siandiki alama kwenye kazi ya nyumbani. Naandika herufi pembeni: D, dhana haijakaa, H, umekosea hesabu, S, soma swali tena. Mwanafunzi ndiye anayetafuta kosa liko wapi, na anarekebisha hapohapo darasani, mbele yangu.

Rudisha ndani ya siku moja, mbili zikizidi. Baada ya hapo hata maoni mazuri ni barua iliyochelewa.

Hatua ya 7: Asiyeleta, aliyenakili, na aliyefanyiwa

Asiyeleta yuko katika moja ya hali tatu: hakuelewa, hakupata nafasi, au hakujali. Kutoka mbele ya darasa zote tatu zinafanana, ndiyo maana kumfokea hadharani ni kubahatisha. Muulize pembeni, maneno machache: "Ulikwamia wapi? Ulikaa wapi kufanya? Ulianza saa ngapi?" Majibu ya maswali hayo matatu yanamtofautisha anayelea wadogo zake hadi usiku na anayecheza hadi usiku.

Weka orodha ya darasa, kijiti kimoja kwa kila kazi iliyokosekana, sababu pembeni kwa neno moja. Vijiti vitatu ndani ya wiki mbili, zungumza na mwalimu wa darasa, kisha na nyumbani. Kiboko hakina nafasi hapa, wala kumtoa nje ya kipindi. Aliyekosa mazoezi ya jana ndiye anayehitaji kipindi cha leo kuliko wote. Atafanya maswali mawili muhimu mapumziko, basi.

Usiingize kazi ya nyumbani kwenye matokeo ya mwisho wa muhula kwa uzito mkubwa. Shule nyingine haziingizi kabisa, nami niko upande wao: alama hizo zinapima meza, taa na utulivu wa nyumba ya mtoto, na mara nyingine elimu ya mzazi wake.

Kunakili kumekuwapo tangu kuwe na dawati la pili. Jipya ni programu za akili mnemba zinazotoa jibu lenye hatua zote kwa sekunde chache. Nimeona walimu wakihangaika kuwinda maandishi "yasiyo ya mtoto". Ni mbio usizoshinda. Badili unachopima: kama kazi ya nyumbani haina alama, na kesho kuna jaribio la dakika 5 au kuna kusimama kueleza, aliyepata jibu bila kufikiri hajapata kitu cha kuleta. Na kwa insha ndefu, mwanzo na mpango uandikwe darasani, nyumbani aendeleze.

Hatua ya 8: Shule nzima ikubaliane

Mwalimu mmoja mwenye busara hawezi kumwokoa mtoto kutoka kwa wenzake saba. Shule iandike ukurasa mmoja, si zaidi. Kikomo cha dakika kwa kila darasa. Ratiba ya jioni, masomo mawili kwa siku, labda hisabati na sayansi Jumatatu, lugha na historia Jumanne, na kuendelea. Karatasi ya wiki ibandikwe ukutani mwa kila darasa. Kila mwalimu anaandika kazi yake na makadirio ya muda. Akikuta jioni imejaa, anasubiri. Mwalimu wa taaluma aipitie karatasi hiyo kila wiki. Asihesabu kazi ngapi zimetolewa, ahesabu dakika, na aulize ngapi zimerudishwa. Ukaguzi unaohesabu mazoezi daftarini ndio unaozaa mazoezi ya kuonyesha wakaguzi.

Kama kuna chumba kimoja kinachoweza kubaki wazi saa moja baada ya masomo, na mwalimu mmoja wa zamu, kifunguliwe kwa wasio na mahali pa kukaa. Kisiitwe chumba cha waliochelewa.

Kazi za likizo nitazisema kwa ufupi: kijitabu cha kurasa 40 hufanywa siku mbili za mwisho. Toa kusoma, na ukurasa mmoja kwa wiki.

Neno kwa wazazi na walezi

Shule iwaandikie mambo matatu: saa maalumu, mahali pasipo na televisheni wala simu, na swali moja baada ya kazi, "Nieleze ulichofanya." Si lazima mzazi ajue jibu, kazi ya swali ni kumfanya mtoto aseme. Kumfanyia mtoto kazi kunamnyima mwalimu habari anayoihitaji. Mtoto akikwama, mzazi aandike pembeni: "Amejaribu dakika 20, amekwama swali la 3," na kutia saini. Mwalimu naye achukulie mstari huo kuwa ni kazi iliyofanyika. Mzazi akiona ameandika hivyo na mtoto akaadhibiwa, safari nyingine atalijaza daftari yeye mwenyewe.

Mwisho wa kila mwezi

Chukua madaftari 10, mchanganyiko wa wenye nguvu na wanaosuasua. Pitia kila kazi uliyotoa mwezi ule na ujiulize: ni wangapi waliifanya wenyewe? Niliitumia darasani? Kosa lililojitokeza, limejirudia kwenye kazi za baadaye? Aina ya kazi inayoshindwa maswali yote matatu, iondoe mwezi unaofuata. Mara yangu ya kwanza kufanya hivyo niliziondoa kazi zote za Ijumaa. Nilisubiri kuona nani atauliza zimekwenda wapi. Muhula uliisha hakuna aliyeuliza, hata mkuu wa shule.